Somo: Jinsi ya kumpangia titanosauri tawi lake, kuanzia pingili ya mkia

Somo hili ni la anayetaka kumweka titanosauri, yaani dinosauri wa shingo ndefu wa kundi la sauropodi, mahali pake kwenye mti wa nasaba, si la kukariri majina. Mifano mingi inatoka Songwe, Lindi na kaskazini mwa Malawi, kwa kuwa mifupa ya huko inaonyesha vizuri watu wanakosea wapi.

Shika mipaka kwanza. Titanosauria ni babu wa pamoja wa Andesaurus na Saltasaurus, wote wa Argentina, pamoja na uzao wake wote. Ndani yake kuna Lithostrotia, inayoanzia kwa babu wa pamoja wa Malawisaurus na Saltasaurus. Ukitoka nje ya Titanosauria unakuta kundi kubwa zaidi linaloizunguka, Somphospondyli, kisha lingine kubwa kuliko hilo, Titanosauriformes, ambamo Giraffatitan wa Tendaguru, Lindi, naye yumo. Mipaka hii imewekwa kwa nasaba. Sifa za mifupa ni ushahidi tu wa kuonyesha mnyama yuko ndani ya mpaka upi.

Hatua ya 1: Hakikisha mifupa ni ya mnyama mmoja. Chora ramani ya shimo kabla ya kuinua chochote. Mapaja mawili ya kushoto maana yake ni wanyama wawili. Ukiwachanganya umeunda mnyama ambaye hajawahi kuishi, na hakuna programu itakayokuambia.

Hatua ya 2: Pingili za mkia, yaani mifupa ya uti inayofuatana mkiani. Hapa usiwe na haraka. Tafuta mbele ya pingili: vile vijipembe viwili vya juu vinavyochomoza kupokea pingili iliyotangulia ndivyo vinavyoelekea kichwani. Sasa tazama mwili wa pingili. Kwa titanosauri wengi uso wa mbele umebonyea na uso wa nyuma una nundu ya mviringo. Andika pia pingili hiyo imetoka wapi: mwanzo wa mkia, katikati au mwishoni. Malawisaurus ana nundu iliyotokeza sana mwanzoni mwa mkia, lakini pingili za baadaye kuelekea ncha hazina. Maelezo ya “mkia una nundu” bila nafasi yake hayamsaidii mtu.

Tena, nundu peke yake haitoshi. Mwaka 1877 Richard Lydekker alimpa mnyama wa India jina Titanosaurus indicus kwa kutegemea pingili za mkia. Wakati huo zilikuwa za ajabu. Kadiri mifupa ilivyoongezeka duniani, sifa zile zikaonekana kwa titanosauri wengi, na mwaka 2003 Jeffrey Wilson na Paul Upchurch wakaonyesha kwamba jina hilo halina tena sifa ya kulitambulisha. Kundi likabaki na jina lake, mwenye jina akabaki hana kitambulisho.

Hatua ya 3: Ndani ya mfupa. Tumia sehemu iliyokwisha vunjika, au picha ya CT. Usivunje mfupa mzima. Pingili za shingo na mgongo za Somphospondyli zina vyumba vidogo vidogo vingi vya hewa, kama sega la nyuki. Kwa jamaa wa karibu wa Saltasaurus vyumba hivyo vimeingia hadi mkiani.

Hatua ya 4: Vipimo. Kwa pingili za shingo, chukua urefu wa mwili bila kuhesabu nundu, ugawe kwa wastani wa kimo na upana wa uso wa nyuma. Urefu sm 60, kimo sm 20, upana sm 30: wastani ni 25, jibu ni 2.4. Kosa la kawaida ni kupima pingili iliyobanwa na uzito wa miamba. Kimo kikipungua upana huongezeka, na uwiano wowote unaotumia kimojawapo peke yake unakudanganya. Andika “imebanwa” pembeni ya namba.

Hatua ya 5: Viungo. Kagua mabamba ya kifua yenye umbo la mwezi mwandamo, pingili 6 zilizoungana kwenye nyonga, na paja lililovimba upande wa nje karibu na juu. Vidole vya mbele kwa kawaida havina mifupa. Mnyama alisimama juu ya nguzo za kiganja.

Hatua ya 6: Jedwali la sifa. Majedwali ya leo ya sauropodi yana sifa zaidi ya 500. Sifa isiyokuwepo ni 0, iliyopo ni 1, na usiyoweza kuiona kwa sababu mfupa haupo ni alama ya kuuliza. Kuandika 0 kwa mfupa uliopotea kunamsukuma mnyama chini ya mti kana kwamba ni wa kale. Endesha uchambuzi kwenye TNT, programu ya kompyuta ya kutafuta miti ya nasaba, ambayo ni bure, mara ya kwanza kwa kuzipa sifa zote uzito sawa, mara ya pili kwa kupunguza uzito wa sifa zinazojirudia ovyo kwenye matawi tofauti. Kisha angalia mabadiliko mangapi ya ziada ya sifa kwenye mti yanatosha kuvunja tawi. Ikiwa ni badiliko 1 tu, usijenge hoja juu ya tawi hilo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nimesoma kwamba Tendaguru kulikuwa na titanosauri wa kipindi cha Jurasiki (zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita), Janenschia. Ni kweli?

Jibu: Hoja hiyo ilisimama juu ya mkia wenye nundu uliochimbwa na msafara wa Wajerumani wa 1909–1913 na kuhesabiwa kuwa wa Janenschia. Mwaka 2019 Philip Mannion na wenzake waliutenganisha, wakauita Wamweracaudia keranjei, na uchambuzi wao ukauweka kwa jamaa za Mamenchisaurus wa China. Jamaa hao nao wana nundu, waliyoipata kwa njia yao wenyewe. Ndiyo maana hatua ya 2 haiendi bila ya 3 hadi 6.

Swali: Na mkia usio na nundu nyuma, nimtoe mnyama kwenye kundi?

Jibu: Hapana, ndugu. Opisthocoelicaudia wa Mongolia ana nundu mbele ya pingili, kinyume kabisa, na bado sifa nyingine zinampeleka ndani, karibu na Saltasaurus. Alipotangazwa 1977 alidhaniwa jamaa wa Camarasaurus, sauropodi asiye titanosauri.

Swali: Titanosauri wa Tanzania ni ukoo mmoja?

Jibu: Rukwatitan (2014), Shingopana (2017) na Mnyamawamtuka (2019) wote ni wa bonde la Rukwa, lakini hawakai tawi moja. Mnyamawamtuka yuko karibu na mpaka wa Lithostrotia au ndani yake. Shingopana huelekea kwa Aeolosaurini, tawi la titanosauri wa Amerika Kusini. Mlinganishe na Mansourasaurus wa Misri, aliyetangazwa 2018, ambaye jamaa zake wako Ulaya. Mimi naona “titanosauri wa Afrika” si tawi, ni anwani tu.

Swali: Nipo Songwe, nimeona mfupa umechomoza kwenye korongo. Nianze hatua ya 1?

Jibu: Usiung'oe. Piga picha ukiwa umeweka rula pembeni, chukua alama za GPS, piga picha pia ya tabaka la mwamba, kisha toa taarifa kwa mamlaka ya mambo ya kale. Kuchimba bila kibali ni kosa kisheria. Halafu mfupa uliotolewa kwenye tabaka lake bila kumbukumbu hauna umri, na bila umri hatuwezi kujua tawi lilichipuka lini.