Jinsi ya kuchambua riwaya ya taharuki: mfano wa Gone Girl

Riwaya ya taharuki usiichambue mara ya kwanza. Isome tu. Kesha nayo, udanganywe jinsi mwandishi alivyotaka udanganywe. Ukianza kuwinda mbinu tangu ukurasa wa kwanza, utaikosa ile hofu unayotakiwa kuieleza baadaye. Kalamu ingoje usomaji wa pili.

Mimi hupenda kufundishia Gone Girl ya Gillian Flynn, iliyotoka 2012. (Nitatoboa siri zake zote, kwa hivyo kama hujaisoma, ishia hapa kwanza.) Nick Dunne na mkewe Amy wamepoteza kazi zao za uandishi New York, wakahamia mji mdogo jimboni Missouri. Siku ndoa yao inapotimiza miaka 5, Amy anatoweka.

Anza na wakati. Chora mistari miwili daftarini: mmoja wa matukio yalivyofuatana, mwingine wa tunavyosimuliwa. Sura za Nick zinaanza siku ya kutoweka na kwenda mbele. Za Amy ni shajara inayoanza 2005, mapenzi yakiwa mabichi, ikisogea mwaka baada ya mwaka kuelekea siku ile ile. Unganisha mistari hiyo kwa penseli uone tunavyohamishwa kutoka kwa mume anayeshukiwa hadi kwa ndoa inayozidi kuoza, na kurudi tena.

Kisha uliza ni nani anayesema, na anaficha nini. Hapa ndipo mimi hukawia. Wanafunzi wengi huandika "nafsi ya kwanza" wakaendelea na swali linalofuata, kana kwamba kutaja mbinu ni kuieleza. Nafsi hiyo inafanya kazi gani? Nick anatuambia wazi kwamba anawadanganya polisi, hata anahesabu uongo wake, lakini habari ya hawara wake anatuficha mpaka tumeshamzoea. Amy wa shajara ni mcheshi, mpole, mwenye hofu. Tunamwamini upesi kwa sababu tunadhani shajara haiandikiwi msomaji. Sehemu ya pili inapofunguka, Amy yu hai, anajifurahia, na shajara ni mtego aliowaundia polisi.

Sasa irudie shajara hiyo kwa peni nyekundu. Tazama pale Amy anapoandika kwamba alienda kwenye jengo la maduka lililohamwa akitaka kununua bunduki. Mara ya kwanza ulimwona mke anayeogopa kuuawa. Mara ya pili unaona ushahidi ukipikwa. Maneno ni yale yale. Andika kandokando ulichoamini mwanzo na unachokijua sasa, na aya yako ya kinaya, yaani mambo kuwa kinyume cha yalivyoonekana, itakuwa imejiandika nusu.

Fanya vivyo hivyo na mafumbo. Kila mwaka Amy humwandalia mumewe mchezo wa kutafuta zawadi kwa vidokezo vya mashairi. Safari hii Nick anavisoma kama maneno ya kutaka kupatana, kumbe vinampitisha kwenye mahali alipokutana na hawara, hadi kwenye kibanda cha dadake kilichojaa bidhaa ghali zilizonunuliwa kwa jina la Nick. Zawadi yenyewe ni vikaragosi vya mbao, kwa kuwa desturi ya Marekani huipa mbao miaka 5 ya ndoa: Punch na Judy, wa maigizo ya zamani ya Uingereza, ambamo mume humtwanga mkewe. Usiishie kuandika "jazanda", yaani picha yenye maana iliyofichika. Sema kwamba zawadi ya ndoa imegeuzwa shtaka la mauaji.

Mandhari hayahitaji kurasa nyingi. Maduka yaliyofungwa na watu waliopoteza kazi yanatosha kuonyesha mdororo wa uchumi.

Mwisho ndio huzua kelele darasani: Amy anarudi nyumbani, anashika mimba, Nick anabaki naye, na hakuna anayefungwa. Kabla hujaulaumu, panga wahusika kwenye safu mbili, wanaoujua ukweli na wanaoweza kuuthibitisha. Dadake Nick anaujua. Mpelelezi Boney anaujua. Safu ya pili itabaki tupu.