Namna ya Kuupima Ubunifu na Kuyasoma Mapokezi Yake

Anza kwa kukiweka kando kifaa chenyewe na kuuliza ni utaratibu gani wa kazi uliobadilika kwa sababu yake. Sanduku la chuma la kubebea mizigo halikuwa jambo geni pale meli Ideal X ilipong'oa nanga Newark, Marekani, mwezi Aprili 1956 ikiwa na makontena 58. Jipya lilikuwa kwamba meli, kreni na lori vilipangwa upya kwa pamoja, ili sanduku lihame kutoka chombo kimoja hadi kingine bila kufunguliwa. Gharama ya kupakia tani moja, iliyokaribia dola 6, ikashuka hadi takriban senti 16.

Kisha orodhesha nani anafaidika, lini, na nani anabeba gharama. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kukimbilia kusema kwamba jamii haipendi mabadiliko. Dawa ya usingizi aina ya etha ilionyeshwa hadharani Boston tarehe 16 Oktoba 1846, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa ikitumika London. Joseph Lister, daktari wa upasuaji wa Uingereza, naye alipotangaza mwaka 1867 namna ya kuua vijidudu vya kidonda kwa asidi ya kaboliki, madaktari wengi wa upasuaji walisitasita kwa miaka. Taaluma ni ileile, mapokezi mbali kabisa. Etha ilinyamazisha mayowe ya mgonjwa papo hapo na kumrahisishia daktari kazi. Asidi ilimuunguza mikono, ilipambana na adui asiyeonekana kwa macho, na faida yake ilijitokeza siku kadhaa baadaye, pale kidonda kilipokosa kuoza.

Mwisho, pingamizi zisikilizwe kama hesabu ya faida na hasara kabla ya kuitwa ujinga. Mafundi wa Uingereza waliovunja mashine za nguo kuanzia 1811 walijua vyema mashine zilivyofanya kazi. Walichopigania ni ujira wao, na Bunge likawajibu mwaka 1812 kwa sheria ya kunyongwa. Makuli wa bandari za pwani ya magharibi ya Marekani walipata jibu tofauti mwaka 1960: waliridhia mitambo, na waajiri wakakubali kuchangia mfuko wa kuwalinda dhidi ya kupunguzwa kazini na kuwalipa waliostaafu mapema. Kwa hiyo, anayeleta ubunifu na aandike kipengele hicho cha fidia kwenye mpango wake kabla mtambo haujawashwa.