Namna ya Kuunda Kibodi Ndogo ya Vitufe Tisa

Mpwa wangu ni karani wa chama cha msingi cha ushirika hapa Mtwara, na kila msimu wa korosho huandika maneno yaleyale tangu asubuhi hadi jioni: jina la kijiji, daraja la korosho, kilo. Nilikaa naye tukaunda kibodi ndogo ambayo kitufe chake kimoja huandika mstari mzima.

Hatua ya 1: Vifaa
Tafuta swichi tisa za aina ya Cherry MX na vifuniko vyake, dayodi tisa za 1N4148 (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), bodi ya Raspberry Pi Pico, ambayo ndiyo ubongo wa kibodi, na nyaya nyembamba. Kebo ya USB iwe ya kupitisha data, kwa kuwa nyingi za simu huchaji tu.

Hatua ya 2: Bamba
Tumia bati la alumini la milimita 1.5, ambalo swichi hulibana zenyewe bila gundi. Kila tundu ni mraba wa milimita 14, na kutoka kitovu hadi kitovu ni milimita 19.05. Malizia kwa tupa, polepole.

Hatua ya 3: Dayodi
Mguu mmoja wa kila swichi huungwa kwenye waya wa safu wima, unaounganisha vitufe vitatu vya juu hadi chini. Mguu wa pili huungwa na dayodi, ambayo upande wake wenye pete nyeusi huelekea kwenye waya wa mstari, unaounganisha vitatu vya kushoto hadi kulia. Bila dayodi, ukibonyeza kwa pamoja vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe za mstatili mmoja, kompyuta huona na cha nne ambacho hukukigusa.

Shika mguu wa dayodi kwa koleo kabla ya kuukunja, maana mwili wake ni wa kioo na hupasuka ukikunjwa karibu mno. Hewa ya chumvi ya pwani yetu hufubaza miguu iliyokaa muda mrefu, na risasi ya kulehemu hukataa kushika. Isugue kwanza kwa msasa laini.

Kisha pima kila kitufe kabla ya kugusa programu. Weka mita ya umeme kwenye alama ya dayodi, ncha nyekundu kwenye safu wima na nyeusi kwenye mstari, ubonyeze kitufe: isome takriban volti 0.6. Kitufe kimoja kikiwa kimya, dayodi yake huenda imegeuzwa. Vikiwa kimya vyote tisa, badilisha ncha za mita. Vikisoma, usifumue chochote. Mimi nilifumua zote usiku kucha, ilhali ilitosha kubadilisha neno moja kwenye programu, COL2ROW (umeme kutoka safu wima kwenda mstari) kuwa ROW2COL (kinyume chake).

Hatua ya 4: Programu
Unga nyaya za safu wima na za mistari kwenye pini za Pico. Bonyeza kitufe cha BOOTSEL kilicho kwenye Pico unapochomeka kebo, nakili CircuitPython, inayoiwezesha bodi kusoma lugha ya Python, kisha KMK, programu ya kibodi. Andika maneno yako ndani ya faili la code.py. Mpwa wangu aliweka daraja la kwanza kwenye kitufe cha katikati, ambako kidole chake hufika bila kutazama.