Kuifanya Bandari Ishindane: Pima Saa Kabla ya Kununua Kreni

Kampuni ya meli ikichagua bandari huuliza mambo matatu: meli itakaa muda gani, muda huo unatabirika kiasi gani, na mzigo ukishashuka utatoka lini. Bei huja baada ya hapo, kwa sababu siku moja ya meli kubwa kusubiri nangani inaweza kumeza punguzo lote la tozo. Hata hivyo nchi nyingi huanza kwa kununua mitambo, kisha hushangaa foleni ikibaki palepale.

Andika saa

Kwa miezi mitatu, rekodi kwa kila meli saa ilipotia nanga, rubani (anayeiongoza meli kuingia bandarini) alipopanda, kamba ya kwanza ilipofungwa, kontena la kwanza liliponyanyuliwa, la mwisho lilipowekwa, na meli ilipoondoka. Kwa kila kontena, rekodi liliposhuka, nyaraka zilipokamilika, ushuru ulipolipwa, lilipokaguliwa na lilipotoka getini.

Usitegemee wastani peke yake. Wastani wa siku tano unaweza kuficha makontena yanayotoka kwa siku mbili na mengine yanayolala wiki tatu. Tafuta ni siku ya ngapi asilimia 90 ya makontena huwa yameshatoka, maana mwagizaji hupanga ratiba yake kwa hiyo. Angalia pia pengo kati ya kamba kufungwa na kontena la kwanza kunyanyuliwa. Mara nyingi hapo anayesubiriwa ni mtu: afisa hajapanda melini, au zamu inabadilishana. Saa hizo hurudi bila kununua chochote.

Kreni husubiri trekta

Chukua meli yenye makontena 1,200 ya kupakia na kushusha. Kreni tatu zikifanya 25 kwa saa kila moja, kazi inaisha kwa saa 16. Zikishuka hadi 18, inakuwa zaidi ya saa 22. Kinachozishusha mara nyingi kiko nyuma yake. Kreni ya 25 kwa saa huhitaji trekta chini yake kila baada ya dakika 2.4. Mzunguko wa trekta kwenda yadini (uwanja wa kupangia makontena) na kurudi ukiwa dakika 12, zinatosha trekta tano kwa kreni. Yadi ikijaa na mzunguko ukafika dakika 18, zinahitajika nane. Ukibaki na tano, kreni inaning'inia bure. Kreni ya nne hapo itaongeza tu wanaosubiri.

Yadi ni suala la siku

Hesabu yake ni rahisi: makontena yanayoingia kwa siku mara siku yanazokaa. Yakiingia 1,000 na kukaa siku nane, yadi inabeba 8,000. Punguza hadi siku tano na umepata nafasi 3,000 bila kumwaga zege. Yadi ikipita takriban asilimia 70 ya uwezo wake, kazi huanza kujikwaa, kwani kulifikia kontena la chini kwenye safu ya makontena matano lazima uhamishe manne ya juu, na kila uhamisho huo hauna anayeulipia.

Sababu kubwa ya mzigo kulala ni bei. Hifadhi ya bandarini ikiwa nafuu kuliko ghala la nje, mwagizaji ataigeuza bandari kuwa ghala lake. Toa siku chache za bure, kisha tozo ipande kwa hatua. Lakini tozo hiyo isiwe nguzo ya bajeti ya mamlaka ya bandari. Taasisi inayoishi kwa ucheleweshaji haitauondoa, hata ikisema vipi.

Forodha ianze kazi meli ikiwa baharini

Manifesti, yaani orodha ya mizigo iliyomo melini, ipokelewe na kuchakatwa kabla meli haijafika. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika 2017, unataka hivyo, pamoja na ukaguzi unaofuata kiwango cha hatari. Anayetimiza masharti miaka yote apite, akaguliwe vitabu baadaye ofisini kwake. Skana hazisaidii kitu ikiwa kontena lililopita skana bado linafunguliwa kwa mkono "kwa uhakika". Na likifunguliwa, taasisi zote ziwe hapo kwa wakati mmoja: forodha, viwango, afya ya mimea. Kufungua mara tatu ni siku tatu.

Tangu Januari 1, 2024, Shirika la Kimataifa la Bahari linazitaka nchi zilizoridhia mkataba wa FAL, unaohusu kurahisisha usafiri wa majini wa kimataifa, kuwa na dirisha moja la kielektroniki, yaani mfumo mmoja wa kupokelea taarifa zote za meli. Jihadhari na dirisha linalodai wakala apeleke pia nakala za karatasi. Hapo umeongeza kazi juu ya kazi.

Kina

Chimba kulingana na meli zinazopita katika njia yako, ukiacha chini ya meli nafasi ya takriban asilimia 10 ya kina inachozama katika maji tulivu. Meli kubwa kabisa za makontena huzama hadi mita 16 hivi, lakini bandari nyingi hazitaziona kamwe. Kosa la kawaida ni kuchimba mara moja na kusahau kwamba mchanga hurudi. Pima tena baada ya kila msimu wa mvua au dhoruba, na fedha za kusafisha zitengwe kila mwaka. Kina kilichotangazwa kisipokuwepo, rubani atazuia meli isubiri maji kujaa, na ratiba yote inavurugika.

Mkataba na mwendeshaji

Ukimkabidhi mwendeshaji binafsi gati, andika ndani ya mkataba idadi ya makontena kwa saa ya meli kukaa gatini, muda wa lori kuanzia getini hadi kutoka, na faini ya kila kimoja. Takwimu ghafi ziwe mali ya nchi, zitolewe kila siku, la sivyo utamsimamia kwa ripoti alizoandika mwenyewe. Ukishakuwa na miezi sita ya takwimu nzuri, zipeleke kwa kampuni za meli na uziahidi saa maalumu za gati kila wiki, zikiwa na fidia endapo gati litachelewa.