Somo: Jeshi la vita vya Shela, kutoka boksi mpaka mezani

Assalaam alaykum jamaa, na wale wa Malindi habari za huko. Mumekuwa mukiniuliza lile jeshi langu la visanamu vya kanzu nyeupe, vya kuchezea vita mezani, nalifanyaje, sasa leo naandika yote kwa mpigo manake kujibu mmoja mmoja inboksi imenishinda. Jeshi lenyewe ni la vita vya Shela, ile miaka ya 1810 hivi Pate na Wamazrui wa Mombasa walipokuja na vyombo vya baharini wakashuka Shela kutaka kuitia Lamu mkononi, wakapigwa, na wazee wanasimulia walipokimbilia vyombo wakakuta maji yamekupwa, vyombo viko juu ya mchanga. Baada ya hapo ndio Lamu ikaomba ulinzi kwa Seyyid Said wa Oman. Sasa dukani hutapata boksi limeandikwa Shela, kwa hivo hapa tutakata na kuunga.

Kitu kimoja muelewe kabla hamjafungua gundi. Jeshi hutazamwa ukiwa umesimama, meza iko kiunoni, yaani kama mita moja kutoka jichoni. Mtu asikae wiki nzima anapaka mboni za macho. Nguo iwe safi, silaha ionekane ni ya nini, kitako, yaani kile kibao anachosimamia, kimalizwe. Basi.

Hatua ya kwanza, saizi na idadi

Mimi natumia mm 28, yaani mtu kutoka unyayo mpaka jichoni anakuja milimita 28 hivi, kilemba na upanga unaviona bila kuhangaika. Ukibanwa na pesa nenda 1/72, yaani mtu amepunguzwa mara 72, hao ni plastiki laini, wadogo zaidi, boksi moja linajaza ufuo, ila ile plastiki inapinda na rangi inabanduka usipoiandaa. Usichanganye hizo saizi mbili kwa meza moja, wa 1/72 ataonekana mtoto kafuata baba yake vitani. Anza na 12 wa Lamu na 12 wa upande wa pili, wamalize, cheza nao, alafu ndio uongeze. Kuna watu wananunua mia kwa siku moja na hao mia wako kabatini kijivu tupu mpaka yeo.

Hatua ya pili, kutafuta watu wenyewe

Walio karibu zaidi ni Wamahdi wa Sudani, wale wapiganaji wa Mahdi, wa kampuni ya Perry Miniatures, plastiki ngumu, mm 28. Lakini hao ni wa miaka ya 1880, Shela ni miaka sabini nyuma, kwa hivo kuna vitu lazima vitoke. Yale majibba, yaani kanzu zao, yana viraka, vikwangue na wembe alafu piga msasa laini mpaka nguo iwe sawasawa. Bunduki za kupakia nyuma weka kando, Shela walipigana kwa magobori ya kupakia mdomoni, na mapanga, mikuki na majambia. Vichwa vya nywele nyingi za Kibeja (kabila la huko Sudani) pia viache, tumia vya kilemba na vya kofia.

Mikuki usinunue. Chomoa njiti moja kwa fagio la chelewa, ipare na wembe mpaka iwe nyembamba, ncha ibonde na koleo ama ubandike kipande cha bati la kopo la soda. Haivunjiki kama ya plastiki na urefu unachagua mwenyewe. Ngao ndogo za duara ni vifungo vya shati, matundu ya kati unaziba na pati. Jambia unalifinyanga kwa ile pati ya sehemu mbili ya mafundi wa bomba, kipande kidogo kiunoni, kabla hakijakauka ukipinde ncha. Utambi wa gobori ni uzi mmoja wa shaba kutoka kwa waya wa stima, uzungushe kwa mkono wa kushoto, ncha yake baadaye utaitia doa la rangi ya chungwa.

Hatua ya tatu, kusafisha na kuunga

Osha fremu zote, zile za plastiki zinazoshika vipande, kwa maji na sabuni ya vyombo, mswaki mzee, manake kuna mafuta ya kiwandani. Kata na koleo ya nyaya, usinyofoe na mkono. Ule mstari wa kalibu unaopita ubavuni ukwangue na mgongo wa wembe, usipoutoa sasa utauona ukishapaka rangi na hapo umechelewa. Plastiki ngumu iunge na gundi ya plastiki, inayeyusha na kushikanisha kabisa. Supaglu ni ya chuma na rezini, na mujue supaglu hushikana kwa unyevu wa hewa, kwa hivo kwetu hapa inashika upesi kuliko maelezo ya kichupa, na ukitia nyingi inatoa ukungu mweupe pembeni. Tone dogo latosha. Ngao usiibandike bado, inaficha kifua na brashi haitafika.

Hatua ya nne, andakoti

Andakoti ni rangi ya chini ya kushikia nyingine. Spreyi na hewa ya Lamu hawapatani. Alfajiri na baada ya magharibi hewa imejaa maji, andakoti inatoka chembechembe, ukipitisha kidole unahisi msasa. Piga kati ya saa nne na saa tisa mchana, kopo tikisa sana, umbali sentimita 25 hivi, mapito mepesi, usisimame mahali pamoja. Wakati wa kusi upepo unabeba mchanga na chumvi, basi weka visanamu ndani ya boksi la katoni lililolazwa, mdomo uupe upepo mgongo. Ama achana na spreyi, nunua praima ya brashi, inachukua muda lakini haijali msimu. Rangi ya andakoti iwe kijivu chepesi ama khaki. Nyeusi kwa jeshi la kanzu ni kujitafutia kazi.

Hatua ya tano, ngozi alafu ile nyeupe

Anza ndani uje nje, ngozi kwanza nguo baadaye. Watu wa pwani si rangi moja, kwa hivo tengeneza kahawia tatu tofauti uzigawe, kikosi kitaonekana cha watu kweli. Ngozi ikikauka mwagia kahawia nyeusi iliyotiwa maji mengi, itashuka yenyewe kwa mikunjo ya uso na vidole, alafu rudisha ile rangi ya kwanza kwa pua, mashavu na vifundo vya mikono. Macho yaache kivuli.

Sasa nyeupe, hapa ndipo wengi huachia njiani. Nyeupe ya kichupa ukiipaka moja kwa moja inakaa mabonge, inajaza mikunjo, mtu wako anatoka hana kivuli. Kanzu haianzi na nyeupe. Anza na kijivu kilichotiwa kahawia, matone matatu kwa moja, itie maji mpaka iwe nyepesi kama tui la pili, paka nguo yote koti mbili na ya kwanza ikauke kabla ya ya pili. Alafu ile rangi ileile ichanganye na nyeupe nusu kwa nusu, paka kila mahali isipokuwa ndani ya mikunjo, chini ya kwapa na chini ya mshipi. Alafu ongeza nyeupe tena, hapo sasa unafuata migongo ya mikunjo peke yake, brashi ivute kutoka juu kuja chini vile kitambaa kinaanguka. Mwisho kabisa nyeupe tupu, kidogo sana, mabegani, juu ya goti lililotangulia, upindo wa chini, na kilele cha kilemba. Ukikishika karibu utaona michirizi na utafikiria umeharibu, kiweke mezani urudi nyuma hatua moja, michirizi haipo, iliyobaki ni kanzu iliyopigwa na jua la saa sita.

Na si wote wavae nyeupe safi. Wengine wape shuka la rangi ya pamba isiyosafishwa, wengine kaniki ya buluu nzito, hapa na pale kikoi chenye mistari miwili ya nyekundu upindoni. Nguo nyingi wakati huo zilikuja kutoka India, Kachi na Surat. Kile kitambaa cha marekani kilikuja kutamba baadaye, biashara ya Marekani na Seyyid Said ilikaa sawa na mkataba wa 1833, kwa hivo anayewaambia watu wa Shela walivaa marekani muulize vizuri.

Hatua ya sita, chuma na mbao

Hii ni ya haraka. Panga na mitutu paka nyeusi kwanza, alafu fedha kwa brashi kavu, yaani chovya, futa kwa karatasi mpaka ionekane haina kitu, ndio usugue. Mbao za gobori kahawia, mishipi nyekundu ama nyeusi.

Hatua ya saba, kitako

Kitako cha duara mm 25, plaiwudi ya mm 3 yatosha. Mchanga tunao bure, lakini mchanga wa ufuoni una chumvi, na chumvi inavuta maji, ukiubandika hivohivo miezi ikipita rangi inavimba na kuchanika. Uoshe kwa maji ya tamu mara tatu, uanike, uchunge kwa chujio la chai, kokoto kubwa tupa. Bandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Ikikauka mwagia gundi iliyotiwa maji juu yake isipukutike. Mchanga wa Shela ni mweupe na nguo ni nyeupe, mtu anapotea, kwa hivo upake kahawia nyepesi kwanza alafu brashi kavu ya rangi ya maziwa. Vipande vya majani makavu ya mvinje vinakaa kama takataka za ufuoni, vizuri sana.

Hatua ya nane, vanishi

Vanishi isiyong'aa, ya brashi. Ya spreyi kwenye unyevu inaweza kugeuka ukungu mweupe juu ya kazi yako yote, na hapo utalia.

Maswali

Mwana wa Langoni: Maashallah ami. Mimi nina rangi ya ukuta imebaki nyumbani tulipopaka sebule, haifai?

Jibu: Kwa visanamu hapana, chembe zake ni kubwa, inaziba uso wa mtu. Kwa majumba ya mawe ya meza yako inafaa sana, changanya na mchanga uliochungwa upate ukuta wa chokaa. Kwa watu, kama hupati rangi za visanamu za Vallejo wala Citadel, tafuta akriliki za tyubu za duka la vifaa vya shule, uzitie maji na uongeze koti moja. Rangi ya mafuta ya milango usiiguse.

Kasa wa Malindi: Nyie kila siku Lamu Lamu. Sisi si tuna Vasco da Gama, nguzo yake bado imesimama hapa. Nifanye jeshi la 1498?

Jibu: Haha kaka, 1498 Malindi ilimpokea vizuri na kumpa rubani wa kumvusha mpaka India, sasa utapigana na nani mezani? Panda mbele kidogo, 1505 Mreno Francisco de Almeida aliishambulia Mombasa akaichoma, hapo una vita vya mitaani, nyumba, moshi, pinde na mishale dhidi ya watu wa deraya. Wareno wa wakati huo ni rahisi kuwapata, visanamu vya askari wa Ulaya vya mwanzo wa karne ya 16 viko vingi.

Umm Swaleh: Mwanangu ana miaka minane amevutiwa sana na hii kazi. Kuna hatari gani?

Jibu: Shikamoo bi. Kupaka rangi apake, akriliki ni za maji, ila asilambe brashi. Kukata na supaglu fanya wewe ama kaka yake. Visanamu vya chuma vya zamani vingine vina madini ya risasi (lead), ni sumu, hivo asipewe kabisa, na hata mtu mzima aoshe mikono akimaliza. Rezini ukiipiga msasa vaa barakoa na uifanye kwa maji, vumbi lake baya. Mwanzishie 1/72, ni wafupi kuliko kidole na wengi hawana cha kuunga.

Dereva wa Mashua: Vyombo je? Bila vyombo hiyo si Shela.

Jibu: Hapo umesema. Kwa mm 28 hesabu ni kama 1/56, jahazi la mita 20 litakuja sentimita 36, dau la mita 10 ni 18. Chonga kwa foamu ya kufungia TV, vika kadibodi ya mbao za ubavuni, mlingoti ni njiti ya mshikaki. Mtepe, kile chombo cha kale cha mbao za kushonwa, ukitaka kuufanya, tanga lake ni la mraba la ukindu, kipande cha mkeka mzee kinakaa sawa. Tengeneza vyombo viwili vimesimama na viwili vimelala ubavu. Kanuni ninayotumia mimi, kila raundi kuanzia ya tano unarusha dadu moya, ukipata nne kwenda juu maji yamekupwa, unatoa vilivyosimama unaweka vilivyolala, na Mombasa hana pa kukimbilia.

Kasa wa Malindi: Na hawa wa Lamu niwagawe vipi vikosi, wote nyeupe nitawachanganya.

Jibu: Mji ulikuwa na pande mbili, Zena na Suudi, basi vikosi vyako viwili vipe majina hayo. Zena mishipi ya buluu, Suudi ya kijani. Rangi hizo nimezitunga mimi kwa ajili ya mchezo, usiende kuzitangaza kwa wazee. Upande wa Pate na Mombasa wape nyekundu.

Mwana wa Langoni: Nikimaliza niwaweke wapi? Nyumba yetu iko baharini kabisa.

Jibu: Boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, chini bandika shiti ya sumaku na kila kitako kitie washa ya chuma, kile kiduara chenye tundu cha boliti, hawatagongana ukipanda boti kwenda Mokowe. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, usitupe, weka vitatu vinne humo. Na washa zipake rangi pande zote mbili kabla hujazibandika, kutu ya hapa haingoji mwaka.