Kabla ya Kumpiga Mtoto Picha Nyumbani

Mtoto wa miaka miwili atakupa dakika kumi, labda kumi na tano, akiwa na moyo mkunjufu. Zikiisha, anataka maji, anataka avuliwe viatu, anataka hiyo simu yenyewe. Kwa hiyo maandalizi yote yawe yamekwisha kabla hajaitwa sebuleni, ili dakika zake chache zisiliwe na kuhamisha viti au kufuta video zilizojaza simu. Nimewapiga picha watoto wa ndugu zangu kwa simu ya kawaida kwa miaka kadhaa sasa, na nyingi zilizoharibika ziliharibika kwa kukosa kujiandaa. Simu haikuwa na kosa.

Anza na mwanga, na ukiweza anza siku moja kabla. Zunguka nyumba saa tatu asubuhi, uzunguke tena saa kumi jioni, uone ni mlango au dirisha gani linaloingiza mwanga mwingi bila jua lenyewe kupiga sakafuni. Jua likimpiga mtoto moja kwa moja, nusu ya uso inaungua kwa weupe, nusu inazama kwenye giza, naye anafinya macho. Huku kwetu Dar es Salaam jua la saa sita huwa karibu na utosi. Ukimtoa uani saa hiyo, macho yote mawili yanabaki kwenye vivuli kama vishimo. Kwangu hakuna studio inayoshinda mlango wa mbele ulioachwa wazi, wenye baraza la kuezekwa nje yake. Mkalishe ndani, hatua moja au mbili tu kutoka kizingitini, uso ukielekea nje kwa upande kidogo. Usimrudishe nyuma zaidi, maana mwanga wa mlangoni hufifia upesi kadiri unavyoingia ndani. Kisha mtazame machoni. Ukiuona ule mlango umejichora mweupe juu ya mboni, mahali umepata.

Upande wa uso ulio mbali na mlango utakuwa na kivuli. Tandika shuka jeupe juu ya kiti, ukisogeze karibu naye. Weupe ule utamrudishia mwanga kwenye shavu. Taa zote zima, na flashi pia. Mwanga wa balbu ya njano ukikutana na mwanga wa nje, shavu moja linageuka la chungwa. Hata pazia hufanya hivyo. Niliwahi kumweka mpwa wangu kando ya pazia jekundu, na picha zote zikatoka mtoto kama ana homa. Siku hizi pazia la rangi nalifunga pembeni kwanza.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni ngozi ya mtoto wetu. Kamera ya simu hutazama eneo lote na kujaribu kulipa mwanga wa wastani. Mtoto mweusi akiwa mbele ya ukuta mweupe, au akiwa amevaa kanzu nyeupe ya Idi, simu huona weupe umezidi, inapunguza mwanga, na uso unapotelea gizani. Watu wengi hapo hukimbilia programu za kung'arisha ngozi. Naomba usifanye hivyo. Mtoto atakua, atajitazama kwenye picha zile, na rangi yake ndiyo anayostahili kuikuta. Chagua nyuma yake kitu chenye rangi ya kati: mkeka uliotundikwa, kitenge kisicho na maua makubwa, mlango wa mbao. Bonyeza kioo cha simu palepale usoni na ushikilie kidole mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, halafu uongeze au upunguze mwanga kidogokidogo. Zoezi hili lifanye mapema kwa mtu mzima mwenye rangi inayokaribiana na ya mtoto, akiwa amekaa mahali atakapokaa yeye.

Simu yenyewe ijae chaji, iwe na nafasi, na lenzi ifutwe kwa kitambaa laini cha pamba, kwa sababu mafuta ya vidole huifanya picha nzima iwe na ukungu. Usimkaribie mno: lenzi ya simu ikiwa karibu hukuza pua na paji la uso. Rudi hatua mbili, kisha uikuze picha kwa zoom ya mara mbili (2x). Jitandikie na wewe kitu cha kukalia sakafuni, ili kamera iwe sawa na macho yake. Simu nyingi zina namna ya kupiga mfululizo. Itafute mapema ilipo.

Mtoto mwenyewe awe amelala na kula. Nguo mpya ajaribishwe siku iliyotangulia, isije ikawa inamwasha shingoni. Mafuta ya nazi mpake kwa uchache usoni, yasing'ae. Nyuma ya kichwa chako asimame mtu anayempenda, aimbe au amsimulie kitu, bila kumwambia acheke.

Kichanga kisichokaza shingo kilazwe chali sakafuni juu ya mkeka na godoro jembamba, mtu mzima akiwa karibu kiasi cha kukigusa. Ile mikao ya mitandaoni, kichwa kimeegemea viganja, kwa kawaida huunganishwa kutoka picha mbili huku mikono ya mtu mzima ikifutwa. Usiijaribu. Na kama nyumbani kuna bibi asiyependa mtoto apigwe picha kabla ya arobaini, zungumza naye kwanza, usimpite.

Ukikusudia kusafisha picha, na mimi nakusihi usafishe walau moja, usiitume dukani kama picha ya kawaida ya WhatsApp, kwa kuwa hupunguzwa ubora njiani. Itume kama hati. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inapendeza ikiwa na angalau pikseli 1200 kwa 1800. Na kabla ya kuituma kwa yeyote, angalia nyuma ya mtoto kama hakuna beji ya shule wala namba ya nyumba inayosomeka.