Jirani Kavuka Mpaka Wako Uingereza: Namna ya Kudai

Mwongozo huu ni kwa mwenye nyumba England au Wales. Scotland ina sheria zake.

1. Tambua ni kosa gani

Uvamizi wa ardhi ni kuingia, au kuweka kitu, kwenye ardhi ya mwingine bila idhini: msingi wa banda, kifusi, hata ngazi iliyoegemezwa ukutani kwako. Huhitaji kuthibitisha hasara yoyote, wala jirani haponi kwa kusema alidhani pale ni kwake. Anga ya chini imo pia: mwaka 1957, katika Kelsen v Imperial Tobacco, mahakama iliamuru bango lililochomoza inchi chache tu juu ya paa la duka la mdai liondolewe.

Matawi na mizizi ya mti wa jirani huangukia kwenye kero (nuisance), yaani kukusumbua katika matumizi ya ardhi yako, si uvamizi. Tangu kesi ya Lemmon v Webb, 1895, unaruhusiwa kukata tawi hadi usawa wa mpaka bila kutoa taarifa, mradi hukanyagi kwake. Ulichokata ni mali yake. Kabla ya kushika msumeno, uliza halmashauri kama mti umelindwa; ukiwa umelindwa, unaweza kushtakiwa wewe.

2. Thibitisha mpaka

Hapa ndipo madai mengi hufia. Watu hununua ramani ya hatimiliki kutoka HM Land Registry, ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi, wanaweka rula juu ya mstari mwekundu, wanaanza ugomvi. Ramani hiyo huonyesha mpaka wa jumla tu, na kifungu cha 60 cha Land Registration Act 2002 kinasema hivyo. Mijini kipimo chake kwa kawaida ni 1:1250, kwa hiyo mstari wa unene wa milimita 1 unafunika mita 1.25 za ardhi. Ugomvi wenyewe mara nyingi ni wa sentimita 20.

Tafuta hati za zamani za mauziano, hasa ile iliyogawa viwanja mara ya kwanza, pamoja na picha za zamani za ua. Alama ya T kwenye ramani ya hati huweza kuonyesha nani anatunza ua. Ile imani kwamba ua wa kushoto ni wako haina msingi wowote kisheria. Kisha mwajiri mpimaji mmoja kwa pamoja. Kila upande ukija na wake, mnalipia ripoti mbili zinazopingana.

3. Je, jirani ana haki?

Idhini ya mdomo inatosha kumkinga, mpaka uiondoe na kumpa muda wa kutoka. Party Wall etc. Act 1996, sheria ya kuta za mpakani, humruhusu kuingia kwako kwa kazi zinazohusika na sheria hiyo, kwa taarifa ya siku 14. Kwa ukarabati wa lazima wa nyumba yake anaweza kuomba amri chini ya Access to Neighbouring Land Act 1992.

Akiwa ameshikilia kipande hicho kwa miaka 10, anaweza kuomba kiandikishwe kwa jina lake. Utapata notisi yenye siku 65 za kazi kujibu. Ukinyamaza, ardhi inaweza kwenda.

4. Barua, kisha mahakama

Eleza mpaka, ambatisha ripoti, sema unachotaka, toa siku 14 kwa jambo jepesi. Pendekeza usuluhishi: gharama za mawakili hupita thamani ya kipande cha bustani upesi sana. Kumbuka pia kwamba ukija kuuza nyumba, fomu TA6, ambayo muuzaji humjazia mnunuzi, itakuuliza kuhusu migogoro na majirani.

Ukifungua kesi, omba zuio (amri ya mahakama ya kumkataza jirani au kumtaka aondoe alichoweka) na fidia. Wahi kabla ukuta haujakamilika. Kwa vigezo vya kesi ya Shelfer, 1895, dhara likiwa dogo, linahesabika na kulipika kwa pesa kidogo, na kubomoa kukiwa ni kumwonea mdaiwa, jaji anaweza kutoa fidia badala ya zuio. Tangu 2014 vigezo hivyo havifuatwi kama kanuni ngumu, kwa hiyo usimwahidi mtu kwamba ukuta utabomolewa.

5. Usibomoe mwenyewe

Kujichukulia hatua kunakubalika kwa jambo dogo au la dharura. Katika shauri lililofika Mahakama ya Rufaa 1993, banda la kuegesha gari la jirani lilikuwa limevuka mpaka kwa inchi 4.5. Mdai alinyimwa amri ya kubomoa, akaendelea kuingilia banda lile licha ya zuio dhidi yake, na aliyeishia gerezani ni yeye.